MAJI YA MOTO, DAWA NA USALAMA WA MFANYAKAZI
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu na wageni wetu wafanyakazi wa hoteli



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo pengine litawachekesha wengine wenu. Ni habari ya lile birika la kuogea lenye maji ya moto na mapovu, ambalo watu wengi siku hizi huliita jakuzi. Mtauliza, "Watu wa reli wana shughuli gani na birika la wageni?" Swali hilo ni la haki, na tutalijibu kwanza kabla hatujaendelea mbele.

Sisi wa reli ni watu wa maji tangu zamani. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, injini zote zilikuwa za moshi, na injini ya moshi hainywi kitu kingine ila maji. Wazee waliotutangulia katika kazi hii walijua ya kwamba maji si maji tu. Maji ya kisima kimoja yana chokaa nyingi, ya kisima kingine yana chumvi, na mengine hula chuma. Maji yenye chokaa yakichemka ndani ya boila huacha ukoko juu ya mabomba, kama ukoko wa sufuria. Ukoko huo huzuia moto usifike kwenye maji, makaa huliwa bure, na mwisho bomba hupasuka. Kwa hiyo mafundi walipima maji, wakatia dawa, na kila mara walifungua vali ya chini ili tope litoke. Mkienda katika makumbusho ya reli pale Nairobi mtaziona injini kubwa za daraja la 59 zimesimama kimya. Injini zile zimepumzika, lakini elimu yake ya maji haijafa. Nayo ndiyo elimu ile ile inayotakiwa katika birika la hoteli: maji, moto, chokaa, asidi na dawa. Tofauti ni moja tu. Ndani ya boila hakai mtu.

Jambo la pili lililotuleta hapa ni hili. Vijana wetu wengi, wa kiume na wa kike, wameandikwa katika mahoteli ya pwani na ya bara kutunza mabwawa na mabirika haya. Wengi wao hupewa ndoo moja, debe la dawa, na neno moja: "Tia dawa." Hawaambiwi ni dawa gani, wala kiasi gani, wala itawafanya nini wakikosea. Mgeni akiugua, wa kwanza kuulizwa ni yule kijana. Kijana akiungua mkono au kifua, husemwa kwamba ni mzembe. Basi, ndugu, tumeona kwamba chama kisichomfundisha mwanachama wake kazi yake kwa usalama kimemwacha nusu njia.

BIRIKA HILI LILITOKA WAPI

Jina la Jacuzzi ni la ukoo wa ndugu wa Kitaliano waliohamia California, Marekani, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Walikuwa mafundi. Walitengeneza mapanga ya ndege, kisha wakatengeneza pampu za visima vya mashamba. Mmoja wao, Candido, alikuwa na mtoto aliyeugua yabisi ya viungo tangu udogo wake, na maji ya moto yenye kusukumwa yalimpunguzia maumivu. Mwaka 1948 baba huyo alitengeneza pampu ndogo ya kuwekwa ndani ya beseni la kuogea nyumbani, ili mtoto asingoje siku ya hospitali. Mwaka 1968 mtu mwingine wa ukoo huo, Roy Jacuzzi, alitoa beseni lililojengwa pamoja na pampu yake. Kwa hiyo chombo hiki ambacho leo ni cha starehe kilianza kama tiba ya mtoto mgonjwa. Ni vizuri tukumbuke hivyo, kwa maana chombo cha tiba kikiachwa kichafu hugeuka kuwa chombo cha kuleta maradhi.

KWA NINI MAJI YA MOTO HUCHAFUKA UPESI

Wengine hufikiri ya kwamba maji ya moto hujisafisha yenyewe. Sivyo. Maji yanayochemka huua vijidudu, lakini maji ya birika hayachemki. Hayafai kupita digrii 40 za Selsiasi, kwa maana zaidi ya hapo mwili wa mtu hushindwa. Na joto hilo ndilo vijidudu vingi hulipenda. Ni kama uji uliopoa: mtu anaweza kuunywa, na nzi naye anaweza kuufuata.

Tena maji ya birika ni machache, na watu ni wengi. Watu watano wakiingia katika bwawa kubwa la kuogelea, bwawa halitajua. Watu watano hao hao wakiingia katika birika la lita 1,500, kila mmoja amepewa lita 300 tu za kuachia jasho lake, mafuta yake ya kujipaka, vumbi lake na uchafu wake. Joto huwatoa jasho zaidi. Pampu hukoroga, mapovu hupanda, mvuke hutoka, na dawa iliyomo huruka pamoja na mvuke. Dawa inayotosha bwawa kutwa nzima huweza kwisha katika birika kwa muda mfupi sana.

Sasa tutaje ugonjwa wenyewe, ili mtu asidhani tunatishana bure. Mwaka 1976, katika mji wa Philadelphia, Marekani, askari wastaafu walikutana hotelini kwa mkutano wao. Wengi waliugua kichomi kikali, na watu wapatao 30 walifariki. Mwaka uliofuata wataalamu walikipata kijidudu chake, wakakiita Lejionela kwa jina la chama cha askari wale. Kijidudu hicho hukaa ndani ya maji, na hustawi katika joto la digrii 25 mpaka 45 hivi. Mtu hakipati kwa kunywa maji kama apatavyo kipindupindu. Hukipata kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo ya maji hayo. Na birika la mapovu ni mashine ya kutengeneza matone hayo.

Mwezi wa Februari 1999, huko Bovenkarspel, Uholanzi, palikuwa na maonyesho ya maua. Katika ukumbi mmoja waliweka birika la maji moto kwa kuuza. Watu hawakuoga ndani yake. Walipita tu na kulitazama. Wagonjwa walizidi 150, na waliofariki walizidi 20. Wataalamu walipopima damu za wafanyakazi wa vibanda, waliona ya kwamba waliokuwa karibu na birika walikutana na kijidudu kile zaidi kuliko waliokuwa mbali. Tena mwezi wa Septemba 2019, katika maonyesho huko North Carolina, Marekani, mabirika ya kuuza yaliyokuwa yakifanya kazi yaliwaleta wagonjwa zaidi ya 130, na wanne walifariki.

Ndugu, litazameni jambo hili vizuri. Mgeni hukaa katika birika robo saa, akaenda zake chumbani. Mfanyakazi hukaa kando ya birika kutwa nzima, wiki nzima, mwaka mzima, akivuta mvuke wake. Anayefuta kando, anayeleta taulo, anayeleta vinywaji, wote huvuta pumzi ile ile. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba usafi wa maji haya ni habari ya mgeni peke yake. Ni habari ya kifua cha mfanyakazi.

Kuna na kijidudu kingine kiitwacho Pseudomonas, ambacho huwatoa watu vipele vyekundu vya kuwasha, hasa pale nguo ya kuogea ilipobana mwili. Hicho hakiui mtu mwenye afya, lakini ni tarumbeta ya kutangaza ya kwamba dawa katika maji imekwisha.

MIZANI YA MAJI

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Tutataja mambo manne: pH, nguvu ya kutuliza, chokaa, na dawa ya kuua vijidudu.

Kwanza ni pH. Hiki ni kipimo kilichotolewa mwaka 1909 na Bwana Sørensen, mtaalamu wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen, Denmark. Hutuonyesha kama maji yana ukali wa asidi au yana tabia ya magadi. Katikati ni 7. Maji ya ndimu yako chini, karibu na 2. Maji ya magadi yako juu, karibu na 11. Machozi ya mtu ni kama 7.4, na ndiyo sababu maji ya kuogea hutakiwa yawe kati ya 7.2 na 7.8. Yakishuka chini ya hapo huwasha macho na kula vyuma vya pampu. Yakipanda juu yake huleta ukoko, na zaidi ya hayo hulaza dawa usingizi.

Neno hili la dawa kulala tunataka mlishike sana. Klorini ikiwa ndani ya maji yenye pH ya 7.5, nusu yake hivi ndiyo yenye nguvu ya kuua. pH ikifika 8, inayobaki na nguvu ni kama robo tu. Ikifika 8.5, haifiki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kijana anaweza kutia klorini asubuhi na jioni, debe likaisha, tajiri akalalamika gharama, na vijidudu vikaendelea kuzaana. Kosa si uchache wa dawa. Kosa ni kwamba pH haikupimwa.

Tena birika lina tabia ya kupandisha pH lenyewe. Mmeona chupa ya soda ikitikiswa jinsi hewa itokavyo kwa nguvu. Ndani ya maji mna hewa ya namna hiyo, nayo ni ukali kidogo. Pampu ya mapovu hutikisa maji kama chupa ile, hewa ikatoka, na pH ikapanda. Kwa hiyo hata kama jana ilikuwa sawa, leo ipimeni tena.

Pili ni nguvu ya kutuliza, ambayo wataalamu huiita alkali ya maji. Ni kama springi chini ya behewa. Reli ikiwa na mashimo, springi hupokea mshtuko, na abiria hasikii sana. Maji yenye alkali ya kutosha hupokea asidi au magadi kidogo bila pH kurukaruka. Kiasi kizuri ni miligramu 80 mpaka 120 katika lita moja. Alkali ikiwa chini, huongezwa kwa soda ya kuokea mikate. Ikiwa juu sana, hupunguzwa kwa asidi kidogo kidogo.

Pale inapotakiwa kupandisha pH hasa, hutumika soda ya kufulia, na hapa watu wa reli tuna haki ya kujivuna kidogo. Soda hiyo huchimbwa katika Ziwa Magadi hapa kwetu, na tawi la reli kutoka Konza lilijengwa kwenda kuichukua zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wazee wa injini za moshi waliijua kuwa dawa ya maji ya boila. Mama zetu nao waliyajua magadi katika sufuria ya maharagwe. Basi kijana asiogope jina la kigeni lililoandikwa juu ya mfuko. Mengi ya mambo haya yamo nyumbani mwetu.

Tatu ni chokaa. Maji ya visima vya pwani hupita katika mawe ya matumbawe, kwa hiyo mara nyingi huwa na chokaa nyingi. Huacha ukoko mweupe juu ya mabomba na juu ya chuma cha kupasha moto, kama ilivyokuwa katika boila. Kiasi kinachofaa ni miligramu 150 mpaka 250 katika lita. Maji yakiwa na chokaa kupita kiasi, dawa yake iliyo rahisi ni kuchanganya na maji mengine yasiyo na chokaa nyingi wakati wa kujaza, na kulinda pH isipande.

Nne ni dawa ya kuua vijidudu, yaani klorini au bromini. Klorini si kitu kipya. Mji wa Jersey City huko Marekani ulianza kuitia katika maji yake ya kunywa kila siku mwaka 1908, na tangu hapo imeokoa watu wengi wasife kwa homa ya matumbo. Katika birika la maji moto, klorini isiwe chini ya miligramu 3 katika lita. Kama ni bromini, iwe kati ya 4 na 8. Ziko dawa za klorini zilizochanganywa na kitu cha kuzuia jua lisiile; hizo zafaa bwawa la nje, lakini hazishauriwi katika birika la moto, kwa maana kile kinachozuia jua huipunguza klorini mbio zake za kuua.

Na harufu je? Watu wengi husema, "Maji yananuka klorini, basi ni safi." Kinyume chake ndiyo kweli. Klorini ikikutana na jasho na mkojo huzaa kitu kingine chenye harufu kali, chenye kuwasha macho na kukohoza. Maji yanayonuka sana ni maji yanayosema, "Nimechoka, nimekula uchafu mwingi." Klorini iliyo safi na ya kutosha hainuki sana.

HESABU KIDOGO

Ndugu, dawa haitiwi kwa konzi ya mkono. Hutiwa kwa mizani. Tuchukue birika la lita 1,500. Tunataka miligramu 3 katika kila lita. Mara 1,500, ni miligramu 4,500, yaani gramu 4 na nusu za klorini tupu. Dawa ya unga iliyo ndani ya debe, tuseme imeandikwa asilimia 65. Basi gramu 4.5 gawanya kwa 0.65, jibu ni karibu gramu 7. Gramu saba tu! Sasa mfikirie yule anayeambiwa atie kikombe kizima. Amewaunguza wageni, amejiunguza mwenyewe, na amemwaga fedha ya tajiri.

Hesabu ya pili ni ya kumwaga maji yote. Hata maji yatiwe dawa namna gani, mwisho huchoka, kwa maana uchafu uliokufa bado umo. Kanuni yake ni hii: kila mwogaji ahesabiwe lita 11 hivi. Gawanya lita za birika kwa 11, kisha gawanya kwa idadi ya waogaji wa siku moja. Jibu ni idadi ya siku maji yanayoweza kukaa. Birika la lita 1,500, waogaji 10 kwa siku: 1,500 kwa 11 ni 136, 136 kwa 10 ni siku 13. Waogaji wakiwa 30, ni siku 4 tu. Mkubwa akisema maji yakae mwezi mzima, mwonyesheni hesabu hii kwa karatasi, kwa adabu.

Siku ya kumwaga maji ndiyo siku ya kusugua. Pitisheni kidole ubavuni mwa birika. Mkisikia utelezi, ule si uchafu tu. Ni nyumba ya vijidudu, wamejijengea ukuta, na dawa haiwafikii ndani. Utelezi usuguliwe, mabomba yasafishwe, na chujio lioshwe au libadilishwe.

UTARATIBU WA KILA SIKU

Pimeni asubuhi kabla mtu hajaingia, kisha pimeni tena mchana, na mara nyingi zaidi kama wageni ni wengi. Kupima mara mbili kwa siku ndiyo kiasi cha chini. Tengenezeni alkali kwanza, kisha pH, kisha klorini. Mkienda kinyume chake mtafanya kazi mara mbili. Wakati wa kutia dawa pasiwe na mtu ndani ya maji, pampu iwe inazunguka, na kifuniko kiwe wazi. Tieni dawa moja, ngojeni ichanganyike, pimeni, ndipo mtie nyingine. Wageni waombwe kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia. Watoto walio chini ya miaka 5 wasiingie kabisa, na mama mjamzito amwulize dakitari wake kwanza.

Na kila kipimo kiandikwe katika kitabu: tarehe, saa, joto, pH, klorini, dawa iliyotiwa, na sahihi ya aliyepima. Sisi wa reli tunajua thamani ya kitabu. Mkuu wa stesheni aliandika saa ya kila gari lililoingia na lililotoka, na ajali ikitokea kitabu ndicho kilichosema. Mfanyakazi asiye na kitabu, neno lake ni neno tu. Mfanyakazi mwenye kitabu ana shahidi. Ukiandika, "Saa nne asubuhi, klorini imekwisha, nimemwarifu mkubwa," ukatia sahihi, basi kesho mgeni akiugua hutasimama peke yako.

HATARI YA DAWA

Sasa tunakuja kwenye neno lililo zito kuliko yote. Msichanganye klorini na asidi. Msichanganye kamwe. Zikikutana hutoa hewa ya rangi ya manjano na kijani, yenye kukaba koo. Hewa hiyo ndiyo Wajerumani waliyowafungulia adui zao huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na askari wengi walikufa mashimoni. Hewa ile ile iliyotumika kama silaha ya vita inaweza kutoka katika ndoo moja ndani ya chumba cha pampu. Nyumbani pia tuwaonye wake zetu na watoto: dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isichanganywe na asidi ya kusafishia choo. Ni kitu kile kile.

Hewa hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutambaa chini. Vyumba vya pampu vingi vimejengwa chini ya ardhi, kwa hiyo mtu akiinama kutafuta mlango hukutana nayo. Mkiisikia, tokeni mara moja, pandeni juu, simameni upande upepo utokako, ndipo mwite msaada. Asirudi mtu kuokoa ndoo. Dawa ikiingia machoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali.

Mengine ni haya. Dawa hutiwa ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya dawa. Kijiko cha dawa moja kisiingie katika debe la dawa nyingine, hata kama zote mbili huitwa klorini, kwa maana ziko aina mbili ambazo zikikutana huweza kuwaka moto na kulipuka. Asidi na klorini zisiwekwe katika stoo moja, wala moja isikae juu ya nyingine. Stoo iwe kavu na yenye kupita hewa. Na mtu asimimine dawa katika chupa ya soda, kwa maana mtoto au mwenzako ataikuta na kiu.

HAKI YETU NA WAJIBU WETU

Ndugu, tumesema mengi juu ya wajibu wa mfanyakazi. Haki yake nayo iko wapi? Iko katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ya Kenya. Sheria hiyo humwamuru tajiri kuwapa wafanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi, pamoja na vyombo vya kujikinga. Haimruhusu kumtoza mfanyakazi fedha kwa vitu anavyopaswa kuvitoa kwa sheria hiyo. Basi mkisikia ya kwamba glavu zimekatwa katika mshahara, jueni hilo si halali. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria yataka pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawemo. Na mtu akiona hatari kubwa iliyo karibu, amwarifu msimamizi wake. Wala asilazimishwe kurudi mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Tena iko sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2007, ya fidia kwa anayeumia kazini.

Kwa hiyo tunawashauri wenzetu wa hoteli wapeleke madai machache, yaliyo wazi, yanayoweza kutimizwa. Vyombo vya kupimia maji ambavyo muda wake haujapita. Mizani ndogo ya kupimia dawa. Glavu, miwani ya kazi, gambuti na barakoa inayofaa. Stoo mbili mbalimbali. Kitabu cha kuandikia vipimo. Na mafunzo kabla ya mtu kukabidhiwa debe, si baada ya kuungua. Jumla ya vitu hivi ni fedha ndogo ukiilinganisha na jengo la hoteli. Tajiri mwenye akili atakubali, maana birika likiua mgeni mmoja, hoteli nzima hufungwa, na kazi za watu wote hupotea pamoja nayo.

Na sisi tukishapewa vyombo, tuvitumie. Tusiandike vipimo kitabuni bila kupima. Tusimpe mgeni maji ambayo hatungeweza kumwogesha mtoto wetu ndani yake. Heshima ya mfanyakazi ina miguu miwili: mmoja ni haki, na mwingine ni kazi safi. Mwenye mguu mmoja hafiki mbali.

Mwisho, tunaomba kila mwenye nakala ya gazeti hili aisome pamoja na mwenzake asiyejua kusoma vizuri, hasa hesabu ya dawa na maneno ya hatari. Kama kuna mahali penye birika na hapana kipimo, tawi lipewe habari kwa barua, nasi tutakaa pamoja na wenzetu tuone njia.

Umoja ni nguvu.